Linki za Duka kwenye Ukurasa wa Ming'oko

Steshenari yangu ilikuwa Nachingwea mjini, chumba kimoja chenye mashine ya kutoa kopi, kompyuta na benchi la wateja. Asubuhi walikuja walimu na mitihani yao, makatibu wa vyama vya msingi na mihtasari ya vikao, na vijana wa kuchapa maombi ya kazi ambazo hawakuzipata. Ikishafika saa nane mchana mji unasinzia, na mimi nabaki na kompyuta. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, na chumba nilichopanga kilikuwa na kitanda, jiko la mchina na redio. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani tovuti niliianzisha kwa ajili ya biashara. Niliianzisha kwa sababu ya upweke, na kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu aliondoka Nkowe, kijijini kwetu, mwishoni mwa miaka ya tisini na wenzake waliokuwa wakivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Aliandika barua akiwa kule, akaandika nyingine kusema anaelekea Afrika Kusini, basi. Waliorudi walisema walimwona, wengine walisema hawakumwona, na mmoja alisema amemwona lakini alitaka kwanza anunuliwe soda. Mama yetu, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwera hadi leo, hakuwahi kutamka kwamba mwanawe amepotea. Kila nikienda nyumbani aliniuliza swali lilelile.

"Yule wa kule hajasalimia?"

"Bado, mama."

"Atasalimia."

Halafu anageukia mbaazi zake, kana kwamba nimemwambia basi la Lindi limechelewa.

Internet ilipofika kwetu ilifika kupitia simu. Unachomeka waya kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, unasubiri, unapigwa chenga, unasubiri tena. Nilijifunza kutengeneza kurasa kwa kusoma mafundisho ya bure, na nilichagua kuandika mapishi ya kusini: kisamvu cha karanga, ugali wa muhogo, mbaazi, korosho mbichi zilizopikwa kwenye mchuzi. Mapishi yenyewe yalikuwa chambo. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu aliye mbali, akikaa kwenye internet kafe na hajui la kufanya, huandika jina la kwao kwenye mtambo wa kutafutia aone kitatokea nini. Kwa hiyo kila pishi nililitaja kwa mahali pake. Kisamvu cha Nkowe, mbaazi za Malolo, ufuta wa Ruangwa. Nilijiambia siku moja mdogo wangu ataandika Nkowe, na mtambo utamletea mimi. Chini ya kila ukurasa niliweka namba yangu ya simu.

Kulikuwa na kihesabio kilichonionyesha watu walioingia, nchi walizotoka na maneno waliyoyaandika mpaka wakanifikia. Sijui kwa wengine, kwangu mimi yale maneno yalikuwa ndiyo maongezi ya siku. Mtu wa Oman ameandika "korosho mbichi kwenye mchuzi." Mtu wa Uingereza ameandika "mbaazi zinakataa kuiva." Nilimjibu peke yangu pale kwenye steshenari, nikasema, loweka kwanza. Na mara kwa mara, kutoka Afrika Kusini, mtu aliandika "kisamvu cha karanga Nkowe." Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama, nikatoka nje, nikarudi. Nani mwingine aliyeko huko anaijua Nkowe? Nilimwambia mama kwamba nadhani mwanawe anasoma mapishi yangu. Aliniuliza kama amesalimia. Nikasema bado, anasoma tu.

Nilikuwa na hakika kwamba akizoea kuja, ataiona namba na atapiga. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuhakikisha anapotafuta ananikuta pale juu.

Ndipo zikaja linki za duka. Duka moja la ng'ambo linalouza vitabu, vyombo vya jikoni na vitu vya bustani lilikuwa na utaratibu wa kuwapa wenye tovuti linki maalumu. Msomaji akiipitia akanunua sufuria, duka linakupa kamisheni kidogo. Internet ilikuwa ghali na steshenari haikuweza kuibeba, nikaona hii itajilipia yenyewe. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kwa namna nilivyoziweka, na hilo lazima nilieleze kwa kuanzia na redio.

Sisi tuliokulia miaka ya tisini tulilelewa na kadi za salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika majina ya unaowasalimia, unaituma redioni, na mtangazaji anayasoma yote kwa pumzi moja. Mimi na mdogo wangu tulikuwa wasalimiaji wa kutupwa. Na salamu zina adabu zake. Aliyekusalimu lazima umsalimu. Ukimtaja jirani lazima umtaje na mkewe, na shemeji yao wa Mkotokuyana, la sivyo wiki nzima utanuniwa kisimani. Kadi ikijaa unaandika pembeni. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ametajwa mara nyingi mno.

Basi mimi nikazipanga linki kwa adabu hiyo. Kila ukurasa, mwishoni, niliweka safu ndefu: linki ya vyombo, linki ya vitabu, linki ya mbegu, na baada yake tovuti za watu walioniandikia wakisema niweke linki yao nao wataweka yangu. Sikumkataa mtu. Mtu wa mapazia wa nchi nisiyoijua aliniomba kistaarabu, nikamweka chini ya kisamvu. Nikamaliza nikaona nimebagua kurasa nyingine, nikazirudia zote ili kila mmoja awepo kila mahali. Hata ndani ya maelezo, kila nilipotaja mwiko niliufunga kwenye mwiko wa duka, kila sufuria kwenye sufuria ya duka. Maelezo ya bidhaa niliyanakili kutoka dukani kama yalivyo. Kurasa zangu zikawa kama kadi iliyoandikwa hadi pembeni, na mimi nikajiona mtu mwenye watu.

Mtambo wa kutafutia haukulelewa na redio yetu. Ukiona ukurasa wenye linki nyingi kuliko maneno, na linki zilezile zimerudiwa kila mahali kuelekea kwenye maduka, unahesabu kwamba hapa hakuna mwandishi, kuna mpiga debe. Haukutumii onyo. Unakusogeza tu nyuma. Nilipoandika mwenyewe "kisamvu cha karanga Nkowe" kujipima, nilijikuta ukurasa wa kwanza, baadaye wa pili, baadaye nilifungua kurasa hadi simu ikakata na mimi sijajiona. Wa Uingereza wakatoweka. Wa Oman wakatoweka. Wa Afrika Kusini naye akatoweka.

Nilishikwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Ningemweleza nani? Mwalimu aliyeleta mitihani aliniuliza mbona nina uso wa msiba, nikamwambia kichwa kinaniuma. Ukisema pale Nachingwea kwamba umempoteza mdogo wako kwa sababu ya linki za sufuria, watakupeleka kwa mganga, na mganga naye atataka kuku. Mchana nilikaa mbele ya kihesabio kitupu na nikalia kidogo, kisha nikawakasirikia wote, duka, mtambo, mtu wa mapazia, na mdogo wangu mwenyewe. Mtu gani anasoma mapishi ya dada yake miezi na miezi hapigi hata simu ya kukata?

Kulikuwa na ukumbi wa mtandaoni ambako wenye tovuti walikuwa wakiulizana. Nikaandika shida yangu kwa Kiingereza changu cha sekondari. Akanijibu bwana mmoja, sijui wa nchi gani, anayeandika kwa ufupi kama mtu aliyekatizwa chakula. Alisema linki za kamisheni hazina dhambi zikijulikana kuwa ni za kamisheni. Nizibakishe pale tu zinapomsaidia msomaji. Ndani ya kila linki ya duka niongeze neno moja, ambalo msomaji halioni lakini mtambo unalisoma, la kuuambia usiifuate wala usiihesabu kama sifa ninayompa mtu. Linki za kubadilishana na wasiohusiana na chakula nizitoe. Maelezo niliyonakili niyafute, niandike ya kwangu. Na juu ya ukurasa niwaambie wasomaji wazi kwamba wakinunua kupitia mimi napata chochote. Mwisho akaongeza kwamba kurasa fupi zenye maneno mawili matatu na linki ya duka zinazivuta nyingine chini, niziunganishe au nizifute.

Kuwaondoa watu kwenye safu kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Nilimwandikia kila mmoja kumwomba radhi, kana kwamba namtoa kwenye arusi. Mtu wa mapazia hakujibu. Nadhani hata hakuwa mtu. Nilipofika kwenye mwiko nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimewaambia watu wa Nkowe walioko ughaibuni kwamba kisamvu kinahitaji mwiko wa chuma usioshika kutu, wakati mama anakorogea kipande cha mti kilichoungua ncha. Nikaandika upya kuhusu mwiko wa mama, na pale sikuweka linki, maana ule hauuzwi. Kwenye kinu niliacha linki moja, kwa sababu mtu aliyeko ghorofani Ulaya kweli hana pa kutwangia karanga. Nikaweka lile neno la kuzuia. Nilienda hivyo pishi kwa pishi, mchana baada ya mchana, umeme ukikatika namalizia kwa kalamu.

Mwisho zilibaki zile kurasa fupi. Nyingi hazikuwa na hoja. Moja ilikuwa ya ming'oko. Ming'oko ni viazi vya porini, vyembamba, vinachimbwa kiangazi na kuchemshwa na chumvi, na kwetu mtoto anayejua kuvichimba anaheshimika kuliko anayejua kusoma. Ukurasa ulikuwa na sentensi chache tu. Nilieleza kwamba mmea wake unatambaa juu ya vichaka na kiangazi unakauka ukafanana na kamba zote nyingine, na kwamba mdogo wangu, tulipokwenda porini upande wa Malolo, alikuwa anaujua hata ukishakauka kabisa, anaufuata kwa kidole hadi chini na kusema chimba hapa. Chini yake, nasikia aibu hadi leo, linki ya jembe dogo la bustani la duka la ng'ambo, lenye mpini wa bluu.

Kihesabio kilionyesha hakuna aliyewahi kuufikia ule ukurasa kwa kutafuta. Kulikuwa na waliofika moja kwa moja, kidogokidogo, bila maneno yoyote ya kutafutia, na kihesabio hakikuwaandikia nchi, na hao niliwahesabu kuwa ni mimi mwenyewe ninapokagua kazi yangu. Nani aende akatafute ming'oko kwenye kompyuta? Nikafikiri niurefushe, lakini sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimeshayasema yote niliyonayo juu ya siku zile. Nikaufuta.

Tovuti ilipona taratibu. Wa Uingereza alirudi na mbaazi zake. Kisamvu kikapanda, kikatulia karibu na juu. Na siku moja kihesabio kikaonyesha Afrika Kusini, "kisamvu cha karanga Nkowe." Nilishusha pumzi. Nikafunga steshenari kabla ya wakati, nikapanda gari hadi Ruangwa na kutoka pale nikakodi baiskeli hadi kwa mama, kumwambia tu kwamba amerudi kusoma. Akaniuliza kama amesalimia.

Simu ilipigwa siku chache baada ya hapo, mchana, nikiwa natoa kopi za vyeti vya mteja. Namba ilikuwa ndefu na ya nje.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ule ukurasa wa ming'oko mbona haufunguki?"

Niliitambua sauti kabla hajafika kwenye ming'oko. Ilikuwa imekuwa nzito, na Kiswahili chake kimekaa kigeni kidogo, lakini pale mwisho wa swali alipandisha vilevile alivyokuwa akipandisha akiwa mtoto anayelalamika kwamba amenyimwa ukoko. Mteja alinitazama. Nilimwashiria akae.

"Wewe uko wapi?" nikasema.

"Niko huku huku. Umeufuta?"

"Ulikuwa unausoma?"

"Nausoma kila nikipata nafasi ya kompyuta. Pale kazini kuna moja, bosi akitoka."

"Toka lini?"

"Toka umeuweka, dada. Tovuti nimeijua toka inaanza. Jamaa mmoja wa Ruangwa alinionyesha."

Nikakaa kwenye benchi la wateja. Nilimuuliza, maana ndiyo kitu kilichokuwa kinanichoma, anaingiaje. Anaandika nini kwenye mtambo?

"Siandiki kitu. Anwani naijua kichwani."

"Na kisamvu? Unatafuta kisamvu cha Nkowe."

"Kisamvu nikitafute cha nini? Huku hakuna hata mhogo wa maana." Akacheka, na mimi sikucheka.

Kwa hiyo yule wa kisamvu alikuwa mtu mwingine kabisa, mpaka leo simjui, Mungu amlinde. Mdogo wangu hakuhitaji nipande wala nishuke. Ile hofu yote ya kupotea kwenye kurasa za nyuma, linki nilizozitoa moja moja, neno la kuzuia, radhi nilizowaomba watu wa mapazia, yeye hayakumgusa. Alikuwa anakuja moja kwa moja, anasoma kuhusu mmea unaokauka na kidole chake, anaiona namba yangu hapo chini, anaondoka. Alinipata zamani. Hakupiga tu.

"Mbona hukupiga?" nikamuuliza.

"Ningesema nini, dada? Nimekaa huku miaka yote hii, ningewapigia niseme nimepata nini?"

"Ungesema shikamoo."

"Haya, si nimesema."

Nilitaka kumtukana na nilitaka asikate. Nikamwambia mama ni mzima, anaulizia. Akasema ndiyo, ndiyo, kwa ile haraka ya mtu anayekwepa, kisha akarudi kwenye hoja yake. Ule ukurasa utarudi? Nikamwambia umeharibika, nitautengeneza. Akasema basi atapiga tena wiki ijayo kuuliza. Tukaagana. Mteja wangu aliuliza kama ni habari mbaya, nikamwambia hapana, ni mtu anaulizia ming'oko.

Alipiga wiki iliyofuata, nikasema bado. Alipiga tena, na safari hiyo nilikuwa Nkowe, nikampa mama simu. Mama aliishika kwa mikono miwili, akazungumza Kimwera mfululizo mpaka salio la mwanawe likaisha, kisha akanirudishia, akaingia ndani. Tangu siku hiyo ameacha kuniuliza lile swali.

Anapiga mpaka sasa. Tunaongea habari za mvua, za bosi wake, za bei ya ufuta, na kabla ya kukata anauliza kama ukurasa umepona. Namwambia bado, mtandao wa huku unausumbua. Ukurasa ninao kwenye kompyuta. Nimeuandika upya, jembe la bluu nimelitoa, sasa ni mrefu na hauna linki hata moja, na kuurudisha ni kubonyeza mara moja tu. Sibonyezi. Nikiurudisha ataanza tena kuusoma kimya kimya, na mimi nitabaki na kihesabio.